Nyumba ya Katekista wa Mwagimbu

Mgodini, Geita
4 Mei 1952

Dada Bernadina, shikamoo.

Naandika haraka kabla gari la posta halijaondoka. Likizo nimenyimwa. Bwana wa stoo anasema karani mwenzangu ameshakwenda kwao Bukoba kuoa, na taa za shimoni haziwezi kugawiwa na mtu asiyejua kusoma namba. Kwa hiyo sitafika huko mwezi huu kama nilivyoahidi.

Lakini safari isivunjike kwa sababu yangu. Nenda wewe na mama, na watoto, na shemeji Maige kama atapata nafasi. Padre ameniandikia kwamba nyumba ya baba pale Mwagimbu imekwisha kutengenezwa. Imeezekwa mabati na kupakwa chokaa, na tarehe 15 Agosti, siku ya kusherehekea miaka thelathini ya misheni, itafunguliwa iwe nyumba ya kumbukumbu. Watu watatoka Shinyanga na hata Mwanza kuja kuona mahali iliposomwa misa ya kwanza katika nchi ile. Dada, hiyo ni nyumba yetu! Wewe ulizaliwa pale, na mimi nilizaliwa pale, lakini niliondoka nikiwa mgongoni mwa mama, sikumbuki hata mlango unatazama wapi.

Tena Padre ameniomba mimi, mwana wa marehemu, niandike habari za maisha ya Katekista Valerian Nkwabi, zisomwe siku hiyo mbele ya watu wote. Nimekubali, na nimeshawaambia makarani wote hapa. Sasa nimeshika kalamu najikuta sijui neno. Basi ukifika uangalie vizuri: vyumba ni vingapi, nani aliijenga, mwaka gani, baba alifundishia wapi. Mwulize mama mkiwa palepale, maana akiwa nyumbani, ukimwuliza habari za Mwagimbu, hapo hapo hukumbuka chungu kiko motoni.

Nasubiri barua ndefu.

Mdogo wako,
Athanas


Shinyanga
27 Mei 1952

Mdogo wangu Athanas, marahaba.

Tumekwenda na tumerudi, wote wazima, isipokuwa Ignas aliyepata malengelenge kwa viatu vipya. Maige alitutafutia nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa linarudi tupu Mhunze. Tukalala kwa shangazi yake, alfajiri tukashika njia kwa miguu. Mama alitembea mbele yetu sote. Nilimwambia apumzike, akasema akikaa hatainuka.

Nyumba ina vyumba vitatu na mlango wake unatazama magharibi. Imejengwa kwa matofali mabichi, manene, na chini ya chokaa mpya bado unaona alama za vidole vya aliyeyafyatua. Chumba cha mbele ndicho baba alichofundishia. Wameweka mabenchi na meza ile ya misa ya kwanza. Chumba cha pili kina kitanda. Katekista wa sasa, Pantaleo, ndiye aliyetutembeza, na alikuwa akimwambia Nyamizi kwamba babu yake alilala kitandani hapo. Nilipokitazama vizuri akanong'ona kwamba kitanda kimeazimwa kwa seremala. Picha ya baba ile aliyopigwa Tabora imetundikwa ukutani. Nyamizi akauliza, "Mbona bibi hayumo kwenye picha?" Pantaleo akatutangulia chumba kinachofuata.

Chumba cha nyuma ni jiko. Kuna jiwe la kusagia limejengewa sakafuni, wameliacha lilivyokuwa. Mama hakuingia humo. Alipiga magoti chumba cha mbele, akasali, akatoka nje, akasema vumbi linamwumiza macho.

Nyumba hufagiliwa kila Jumamosi na mama mmoja mzee wa pale jirani, jina lake Mbuke. Si Mkristo, lakini hufagia. Tulimkuta. Ana maneno yake, Pantaleo akamwomba aende akafagie nje.

Nilizungumza naye kidogo nilipotoka. Ana mwana mmoja tu, anaitwa Bujiku, alikuja huko Geita kufanya kazi mgodini, na huu mwaka wa nne hajaleta salamu. Nilimwambia nina ndugu karani huko. Tafadhali mtafute. Kwenye daftari lenu huenda ameandikwa Bujiku wa Mbuke.

Kuhusu habari unayoandika: misheni ilianza mwaka 1922, na nyumba ilikuwapo kabla yake kidogo. Aliyeijenga, andika tu kwamba ilijengwa na watu wa Mwagimbu. Inatosha.

Dada yako,
Bernadina


Mgodini, Geita
16 Juni 1952

Dada Bernadina, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimebaki na njaa. Umeniandikia malengelenge ya Ignas mistari miwili, halafu mama kutoingia jikoni kwake umempa mstari mmoja. Kwa nini hakuingia? Umesema mwenyewe nyumba hufagiliwa kila Jumamosi. Vumbi hilo lilitoka wapi?

Habari ya baba nimekwisha kuiandika, kurasa nne. Hiyo ya "watu wa Mwagimbu" sikuipenda, ilionekana baridi. Nimeandika hivi: "Nyumba hii Valerian aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, akiwa kijana ambaye hajabatizwa, kana kwamba alijua Bwana atakuja kukaa humo." Nimemsomea karani wa malipo, Mnyamwezi mmoja mcha Mungu, akatokwa na machozi. Mwisho wa mwezi naipeleka kwa Padre.

Huyo Bujiku sijamtafuta. Hapa kuna watu zaidi ya elfu, na akina Bujiku ni wengi kama siafu. Mtu akinyamaza miaka minne, mara nyingi ameoa huku au amefuata dhahabu ya mchangani huko porini. Lakini kwa kuwa umesema, nitatazama. Ila niambie, yeye ni nani kwetu hata umsumbukie hivi? Kwa sababu mama yake anafagia tu?

Athanas


Shinyanga
29 Juni 1952

Mdogo wangu Athanas,

Usipeleke habari ile kwa Padre bado. Nakuomba.

Huyo Bujiku mtafute, usichoke. Nilimwahidi mama yake nikiwa nimemshika mkono. Mengine si ya kuandika kwenye karatasi, tutazungumza ukija.

Mama hajambo kwa mwili. Tangu tulipotoka Mwagimbu anasema kidogo, na Jumapili mbili hakupokea komunyo. Nimemwuliza, akasema ana mafua.

Bernadina


Mgodini, Geita
14 Julai 1952

Bernadina,

Nimempata. Sasa nataka uniambie, ulijua au hukujua? Maana kama ulijua, umenituma kumtafuta ndugu yangu wa damu kama mtu anayetumwa kutafuta mbuzi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, wala sitaficha kitu, ili ujue barua huandikwaje.

Nilitazama daftari la taa. Bujiku wa Mbuke, zamu ya asubuhi, mchoronga miamba. Nikashangaa, kwa sababu jina hilo nimeliandika mimi mwenyewe kila siku ya kazi tangu niajiriwe, miaka mitatu. Huweka dole gumba, huchukua taa, husema "Ahsante karani," huondoka. Ni mtu mrefu, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Sikuwahi kumtazama usoni. Foleni ina watu mia mbili, nani atatazama nyuso?

Jumamosi mchana zamu ilipotoka nikamwita kando ya stoo. Nikamwambia, "Wewe ndiye Bujiku wa Mbuke, wa Mwagimbu?"

"Ndiye."

"Mama yako anakutafuta. Ametuma salamu kwa dada yangu Bernadina."

Akakaa chini, juu ya gogo. Akasema, "Basi dada yetu amefika Mwagimbu."

Nilidhani ni maneno ya heshima tu, kama watu wasemavyo. Nikacheka. Nikamwuliza, "Unamjua?"

"Simjui. Wewe nakujua. Ulinishika mkono mwaka arobaini na sita, siku tuliyomzika mzee. Ulisema, 'Ahsante kwa kuja, umetoka mbali.' Nikasema ndiyo, nimetoka mbali."

"Ulimjua marehemu baba?"

Akasema, "Karani, baba yako ni Valerian Nkwabi. Na wangu ndiye huyo."

Nilitaka kumgombeza. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikashindwa. Bernadina, ana paji la uso la baba, na ile namna ya baba ya kukunja shingo upande anapokusikiliza. Mnyapara mmoja alikuwa anapita, akatuona tumesimama pamoja, akasema, "Kumbe karani na huyu mnatoka tumbo moja?" Bujiku akajibu, "Hapana, matumbo mawili."

Nikamwuliza kwa nini miaka mitatu hakuniambia. Akasema, "Ningekuambiaje, na foleni nyuma yangu? Nipe taa, mimi ni kaka yako?"

Akanieleza mengine. Kwamba mama yake alikuwa mke wa baba kabla ya mama yetu. Kwamba alitoka nyumba ile akiwa na mimba yake. Kwamba matofali yale, ambayo mimi nimeyaandikia kurasa nne, aliyafyatua mama yake, kiangazi kizima, wakati baba yuko misheni ya mbali anajifunza kusoma.

Sasa niambie ulilolificha.

Athanas


Shinyanga
25 Julai 1952

Mwanangu mpenzi Athanas,

Ni mimi mama yako naandika. Mkono wangu ni mzito, tangu nilipotoka kwa masista sijaandika barua mbili. Bernadina amenisomea barua yako. Usimkasirikie. Yeye hakuambiwa na mimi. Aliambiwa na Mbuke siku ile, akanyamaza kwa kuniogopa. Wa kukasirikiwa ni mimi.

Yote aliyokuambia Bujiku ni kweli. Baba yenu alikuwa na mke mmoja, Mbuke, binti Ngassa. Hakuwa mlevi wala mvivu wala mgomvi. Baba yenu alipotaka kubatizwa, padre wa wakati ule alimwuliza Mbuke mbele ya wazee kama naye atabatizwa. Alimwuliza mara tatu, siku tatu. Mbuke alikataa. Baba yake alikuwa mganga mkubwa, na mambo ya mizimu ya kwao alikuwa amekabidhiwa yeye. Alisema, nikiyaacha mimi atayashika nani. Basi akarudi kwa kaka yake, na dini ikampa baba yenu ruhusa kuoa Mkristo. Hapo ndipo nilipotolewa kwa masista nikaletwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Niliingia nyumba ile nikakuta vyungu vimepangwa, kuni zimekatwa, ufagio umesimamishwa nyuma ya mlango. Alikuwa amefagia kabla ya kuondoka. Lile jiwe lilikuwa lake, alishindwa kulibeba kwa kuwa alilijengea. Nilisaga juu yake miaka minane. Kila siku nilipoinama niliona mahali magoti yake yalipopachimba. Magoti yangu yaliingia humo humo. Mwezi wa Mei sikuweza kupaona tena.

Habari ya mtoto nilisikia baadaye. Baba yenu alipeleka blanketi alipozaliwa, kaka yake Mbuke akalirudisha. Tangu siku hiyo hatukumtaja. Tulipohamishiwa Mhunze nilishukuru Mungu.

Sasa neno kubwa. Baba yenu alipokuwa anakufa, ninyi hamko chumbani, aliniambia, "Paskalia, mtafute Bujiku. Umwambie namjua." Nikasema ndiyo. Huu ni mwaka wa sita. Sikumtafuta. Siku ya mazishi nilimwona amesimama nyuma, nikamtambua, nikageuza uso. Sikumwogopa yeye. Niliogopa ninyi mtaniuliza.

Nimekwenda kuungama. Padre ameniambia niende kwa Mbuke mwenyewe.

Mwambie Bujiku neno la baba yake. Usimpambie. Sema hivyo tu, "Namjua."

Ni mimi mama yako,
Paskalia


Mgodini, Geita
2 Agosti 1952

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako niliipokea stoo, nikaisomea nyuma ya magunia ya saruji. Sitasema sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, nikakataa chakula, mpishi akadhani ni malaria. Siku ya tatu nilichoka.

Bujiku nimemwambia neno lile kama ulivyoagiza. Tulikuwa tunatoka misa, au mimi nilikuwa natoka na yeye alikuwa ananingoja nje na baiskeli. Tulitembea mpaka Kalangalala anakokaa, akisukuma baiskeli, na tulipofika kwake akaniuliza, "Alisema usiku au mchana?" Nikasema sijui, mama hakuandika. Akasema, "Kama ni karibu na kufa, hakudanganya." Akaingia ndani. Nadhani alilia, sikumfuata.

Habari ile niliyoandika nimeichana. Nimeandika nyingine, kurasa mbili. Ndani yake nimeweka maneno haya: "Nyumba hii ilifyatuliwa matofali na kujengwa na Mbuke binti Ngassa, mke wa kwanza wa Valerian, ambaye yu hai na anaifagia mpaka leo." Nimeipeleka kwa Padre na barua ya kueleza. Kama hataki kuisoma hivyo, asiisome kabisa, maana mimi nyingine sina.

Dada namwomba radhi kwa maneno yangu ya mbuzi.

Mwanao,
Athanas


Shinyanga
18 Agosti 1952

Mdogo wangu Athanas,

Radhi umepata, ingawa ya mbuzi nitaikumbuka.

Nikuandikie kwanza lile nililolificha Mei, halafu ya sasa. Siku ile Pantaleo alisema mbele yetu sote, "Hapa marehemu alifyatua matofali elfu mbili kwa mkono wake." Yule mama alikuwa ameinama anafagia. Hakuinuka, akasema, "Elfu mbili na mia tatu. Na hakuyafyatua yeye." Pantaleo akamfukuza nje. Mama akawa anatazama ukuta. Nilimfuata Mbuke, akanieleza yote kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia. Nilipomwuliza kwa nini anafagia, alisema, "Wanafagia vibaya. Wanaacha pembe."

Sasa ya juzi. Tulifika Mwagimbu tarehe 14. Mama alikataa kwenda misheni kwanza. Tukaenda kwa Mbuke, tukamkuta uani anapepeta mtama. Mama alisimama mbali, akasalimia Kisukuma, akaitikiwa. Mbuke akaonyesha gogo. "Kaa. Si hapo, hapo pana siafu. Hapa."

Mama akakaa. Akasema, "Nimekuletea neno la marehemu nililolichelewesha."

"Neno gani?"

"Alisema Bujiku atafutwe. Aambiwe kwamba baba yake anamjua."

Mbuke akaendelea kupepeta. "Alisema lini?"

"Siku aliyokufa."

"Ni miaka sita."

"Ndiyo. Sita."

Ungo ukaenda, ukarudi. Athanas, sijawahi kusikia mtama ukipiga kelele vile. Mwisho akauliza, bila kututazama, "Na amepatikana?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nikamwambia amepatikana, mzima, ndugu yangu humwona kila siku. Hapo akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Ana vidole vyote? Wanaotoka huko hurudi hawana vidole."

Nilitaka kusema anavyo. Nikamtazama mama, naye akatikisa kichwa. Nikasema, "Viwili havipo. Mkono wa kushoto."

"Jembe hushikwa zaidi na wa kulia," akasema. Kisha akajifunika uso kwa khanga. Mama akainuka, akachukua ungo, akapepeta mtama uliobaki mpaka ukaisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemwambia aache.

Tulipokuwa tunaondoka Mbuke akamwambia mama, "Jiwe langu ulilitunza. Nilikwenda kuliangalia mlipohama. Nilikuwa nataka kulikuta limepasuka, nipate neno la kukusuta." Mama akasema, "Nilikuwa naogopa kulipasua." Wakacheka kidogo, wote wawili, halafu wakaona aibu. Usije ukadhani wamekuwa marafiki. Mama alimwomba samahani, na Mbuke akamjibu kwamba suala hilo bado analitazama.

Sherehe ilikuwa kubwa, watu walijaa mpaka barabarani. Padre aliisoma barua yako. Aliniita kabla ya misa, akaniambia hawezi kuruhusu maneno "mke wa kwanza" yasomwe siku ya Bikira Maria, lakini kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajui nani aliijenga nyumba, na kwamba kweli ni kweli. Amekata maneno hayo. Mengine ameyaacha. Pantaleo ndiye aliyesoma. Alipofika hapo alisita, akamtazama Padre, Padre akamwambia, "Soma." Akasoma: "Nyumba hii ilifyatuliwa matofali na kujengwa na Mbuke binti Ngassa, ambaye yu hai na anaifagia mpaka leo." Wageni wa mjini hawakusikia kitu cha ajabu. Lakini akina mama wazee wa Mwagimbu, wale wa nyuma kabisa, walipiga vigelegele ambavyo havikuwa kwenye ratiba, na Padre ilibidi angoje.

Mbuke mwenyewe hakuwapo. Nilipompelekea chakula cha sherehe nikamweleza, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Walisema idadi ya matofali?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Mama amepokea komunyo.

Mbuke anaomba Bujiku amwandikie. Nimemwambia barua zikija kwangu Shinyanga nitakwenda kumsomea mimi mwenyewe. Kumbe Bujiku alinyamaza miaka yote hiyo kwa kuwa barua yake ingesomwa na katekista, na misheni nzima ingejua kabla ya mama yake? Mbuke ndivyo anavyofikiri. Mwulize.

Dada yako,
Bernadina


Kalangalala, Geita
7 Septemba 1952

Kwa mama yangu Mbuke, Mwagimbu.

Shikamoo mayu. Ni mimi Bujiku.

Barua hii utasomewa na Bernadina peke yake, kwa hiyo nasema kama tulivyokuwa tukisema ndani. Nimepata salamu zako zote. Ulivyofikiri ndivyo ilivyokuwa, sikutaka Pantaleo aseme mambo yangu kanisani. Lakini si hilo tu. Mwaka wa kwanza jiwe lilinikata vidole, nikaona haya. Nilikuambia naenda kuleta ng'ombe, na badala ya kuleta kitu nilikuwa nimepoteza. Nikasema nitaandika nikipona. Nilipopona nikasema nitaandika nikipata ng'ombe. Ndivyo miaka ilivyokwenda.

Neno la mzee nimelisikia. Nilikuwa nimejifunza kukaa bila neno hilo, na sasa limekuja sijui pa kuliweka. Wewe utaniambia.

Uliniuliza kama nimeoa. Nimeoa. Anaitwa Zipora, ni Mzinza wa hapa hapa, baba yake ni mvuvi, na Kisukuma anakisema kwa kuchekesha lakini anajitahidi. Hajambo kwa jembe. Tuna mtoto wa kike, ametimiza miaka miwili mwezi uliopita. Sikukuambia alipozaliwa na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Ameanza kukimbia. Anapenda kula udongo, tumempiga haachi. Tumempa jina lako.

Tumepewa likizo kwa pamoja, mimi na huyu anayeandika. Tarehe 20 tutapanda lori mpaka Mwanza, tarehe 22 tutashuka kwenye treni Shinyanga, na tarehe 24 tutakuwa kwako, sote, na mtoto. Huyu anataka twende tukaone ile nyumba, anasema alizaliwa humo na haijui. Nimemwambia mimi sikuzaliwa humo, lakini nitamsindikiza. Kama utakubali utembee nasi, wewe ndiye utakayetuonyesha.

Mama Paskalia naye atakuja na Bernadina. Ameuliza kama anaruhusiwa kulala kwako. Nimesema hilo si la kwangu kujibu, nitamwuliza mama. Basi nimekuuliza.

Siku hizo usilime. Tutakuja na mchele na samaki wakavu.

Ni mimi mwanao,
Bujiku

Aliyeandika ni mdogo wake,
Athanas